Kwa nini vibonde wa besiboli huwafunga vigogo Septemba, na kama rekodi za wapigaji zinaweza kukuokolea mkeka

Swali: Habari kaka. Mimi ni muuguzi, niko Mwanza, na zamu za usiku ndizo zilizonifundisha besiboli, maana saa nane usiku hakuna mpira mwingine wa kuangalia. Nafuatilia ligi kuu ya Marekani na mara moja moja naweka mkeka wa timu tano, zile za juu dhidi ya za mkiani. Ikifika Septemba mikeka inachanika karibu yote. Nilikuwa macho ule usiku wa 2025 Dodgers walipofungwa na Baltimore wakati mrushaji wao alikuwa hajaguswa mpaka mwisho kabisa. Wenzangu kazini wanasema hizi mechi zinauzwa. Kuna ukweli? Na hizi rekodi za wapigaji zinazopigiwa kelele msimu ukiisha, zinaweza kunisaidia kujua nani atashinda? Na ile ya Ichiro Suzuki, ya hiti nyingi kuliko zote kwa msimu mmoja, yupo wa kuivunja?

Jibu: Dada, pole na zamu. Tuanze na usiku huo huo, kwa sababu ndani yake mna karibu kila unachouliza.

Ilikuwa Jumamosi ya 6 Septemba 2025 kwa saa za Baltimore, kwetu Jumapili alfajiri. Yoshinobu Yamamoto wa Dodgers alikuwa amepata auti (yaani mpigaji kutolewa) 26 kati ya 27 zinazohitajika kumaliza mechi, na katika muda wote huo hakuna mpigaji wa Orioles, ndio hao Baltimore, aliyepata hiti, yaani aliyeupiga mpira akafika salama kwenye besi, kituo cha kukimbilia. Ubao ulisoma 3-0. Imebaki auti moja tu mechi iishe na jina lake liingie kwenye vitabu. Akaja Jackson Holliday, kijana wa miaka 21, akaupeleka mpira nje ya ukuta. Homurani. 3-1. Yamamoto alikuwa ameshatupa mipira 112, kocha akamtoa, na hakuna kocha wa siku hizi ambaye asingemtoa. Akaingia Blake Treinen: wa kwanza akampiga mpira wa besi mbili, wa pili akagongwa na mpira mwilini akapewa besi, wa tatu akapewa besi ya bure (ndiyo malipo ya kutupiwa mipira minne mibaya), wa nne naye besi ya bure, wote wakasogea na pointi ikaingia. 3-2, besi zote zimejaa. Dodgers wakabadilisha tena, akaja Tanner Scott, na Emmanuel Rivera akapiga mpira mfupi katikati ya uwanja, wawili wakaingia. 4-3, mechi imekwisha. Ile auti ya 27 haikupatikana.

Sasa jiulize kama ni mpira wa miguu. Timu inaongoza 3-0, dakika ya 90, mwamuzi ana filimbi mdomoni. Hapo watu wameshaanza kutoka uwanjani kuwahi daladala. Besiboli haina filimbi ya muda. Tangu 2023 kuna saa inayomharakisha mrushaji atupe mpira, lakini hakuna saa inayomaliza mechi. Anayeongoza hawezi kupoteza muda, hawezi kujiangusha, hawezi kuupeleka mpira kwenye kibendera cha kona. Lazima amtoe mpigaji wa mwisho, na mpigaji wa mwisho naye ana gongo mkononi.

Tazama pia msimu mzima wa hao Dodgers. Walimaliza na ushindi 93 na vipigo 69, kisha wakaenda kutwaa ubingwa wa dunia kwa kuwafunga Toronto Blue Jays katika mechi ya saba iliyofika awamu ya 11 (kwa kawaida mechi ni awamu 9), na huyo huyo Yamamoto akawa mchezaji bora wa fainali. Bingwa wa dunia alifungwa mara 69! Los Angeles Angels, majirani zao waliomaliza mkiani mwa kundi lao, walikutana nao mara 6 mwaka huo wakawafunga zote 6. Timu iliyokuwa na matokeo bora kuliko zote 2025, Milwaukee Brewers, ilifungwa 65. Mbovu kuliko zote, Colorado Rockies, ilishinda 43. Hata Seattle Mariners wa 2001, walioshinda 116 na kufikia rekodi ya Chicago Cubs ya 1906, walipoteza 46, na fainali hawakuiona.

Arsenal walimaliza ligi ya Uingereza ya 2003-04 bila kufungwa hata mechi moja. Katika besiboli jambo hilo haliwezekani hata kwa ndoto. Timu nzuri sana inashinda mara 6 katika kila 10, timu mbovu sana inashinda mara 3 au 4. Ukiziweka uwanjani pamoja kwa usiku mmoja, pengo baina yao ni dogo kuliko majina yao yanavyoonyesha. Ndiyo maana ligi inacheza mechi 162: inahitaji zote hizo ili ukweli ujitokeze. Wewe unaiuliza mechi moja swali ambalo limetengenezewa mechi 162.

Chanzo kikubwa ni mrushaji. Golikipa wa Simba au Yanga anadaka wiki hii na wiki ijayo, ila mrushaji anayeanza mechi hupumzika siku nne au tano kabla ya kurudi. Kwa hiyo "Dodgers" ya Jumatatu na "Dodgers" ya Jumanne ni karibu timu mbili tofauti zenye jezi moja. Kibonde aliyemsimamisha mrushaji wake bora dhidi ya kigogo aliyemsimamisha kijana aliyepandishwa juzi kutoka ligi ndogo si kibonde tena usiku huo. Na waanzaji hawa siku hizi hutupa awamu 5 au 6 tu, kisha wanapokea warushaji wa akiba. Hao nao wakitumika sana siku mbili mfululizo, siku ya tatu hawapo au wapo wamechoka. Mtu anayeangalia msimamo wa ligi peke yake kabla ya kuweka mkeka hajaangalia kitu.

Hapo ni mwaka mzima. Septemba inaongeza mambo yake.

Dirisha la kubadilishana wachezaji huwa limefungwa mwishoni mwa Julai au hapo karibu, na timu zilizokata tamaa zimeshauza wazee wao na kuwapa nafasi vijana. Kuanzia 1 Septemba kila timu inaruhusiwa wachezaji 28 badala ya 26. Vijana hao hawana cha kupoteza. Wanacheza kutafuta ajira ya mwakani, na wapinzani hawajawahi kuwaona, hawajui udhaifu wao uko wapi. Upande wa pili wako vigogo waliokwisha kujihakikishia nafasi. Hao wanapumzisha nyota, wanawapunguzia warushaji wao mipira, wanajaribu mambo. Kwao mechi ya tarehe 27 Septemba ni mazoezi yenye watazamaji.

Mfano ninaoupenda ni wa Chicago White Sox wa 2024. Hiyo ndiyo timu iliyopoteza mechi nyingi kuliko zote katika besiboli ya kisasa, 121. Walipofikisha vipigo 120 na kuwafikia New York Mets wa 1962, watu walikuja uwanjani Chicago kushuhudia kipigo cha kuvunja rekodi. Unajua walifanya nini? Waliwafunga Angels mechi tatu mfululizo. Wakaenda Detroit, Ijumaa ya tarehe 27 wakafungwa na rekodi ikawa yao, na usiku huo huo Detroit Tigers wakafuzu mtoano baada ya kuusubiri miaka kumi. Jumamosi na Jumapili, Tigers wakiwa wameshapata walichokitaka, White Sox wakawafunga zote mbili. Timu mbovu kuliko zote ilishinda mechi 5 kati ya 6 za mwisho. Aliyeweka mkeka wa "wabovu watafungwa" wiki ile aliuchana kila siku isipokuwa Ijumaa.

Swali la kujiuliza kila siku ya Septemba basi ni hili: nani bado anahitaji nini? Mtoano unachukua timu 12, sita kutoka kila moja ya ligi mbili, American na National, zinazounda ligi kuu: vinara watatu wa makundi, pamoja na watatu bora waliobaki. Vinara wawili wa juu wanaruka raundi ya kwanza. Ukitaka kujua kiongozi amebakiza nini, chukua 163, toa idadi ya ushindi wake, toa idadi ya vipigo vya anayemfukuza. Kiongozi ana ushindi 90, mfukuzaji ana vipigo 68: inabaki 5. Kila kiongozi akishinda au mfukuzaji akifungwa, namba inashuka moja. Ikifika sifuri, kazi imekwisha, na kuanzia kesho yake usimwekee kiongozi huyo hata senti. Tangu 2022 hakuna tena mechi ya ziada ya kuamua timu zilizolingana. Wanaangalia kwanza nani alimfunga mwenzake zaidi walipokutana. Mets wa 2025 waliijua sheria hiyo kwa machungu. Timu yenye Juan Soto na mkataba wake wa dola milioni 765 ilifungwa 4-0 na Miami Marlins siku ya mwisho, tarehe 28 Septemba. Cincinnati Reds nao walifungwa siku hiyo hiyo, wakalingana kwa ushindi 83, na Reds ndio waliopita.

Tarehe 28 Septemba ina historia. Usiku wa 28 Septemba 2011 nadhani hautarudi tena. Mwanzoni mwa mwezi huo Boston Red Sox walikuwa mbele ya Tampa Bay Rays kwa mechi 9, wakagombania nafasi moja ya mtoano. Wakashinda 7 tu na kufungwa 20 ndani ya mwezi. Siku ya mwisho timu hizo mbili ziko sawasawa. Red Sox wako Baltimore, wanaongoza 3-2, awamu ya tisa, auti mbili, hakuna mtu kwenye besi, na anayerusha ni Jonathan Papelbon, mmaliziaji wao wa kuaminika, yaani mrushaji wa kufunga mechi. Hiti, hiti, hiti. Robert Andino akamaliza kazi, Orioles 4-3, timu iliyofungwa mechi 93 mwaka huo. Kule Florida, Rays walikuwa nyuma 7-0 mbele ya Yankees mpaka awamu ya nane. Wakapata sita. Awamu ya tisa, auti mbili, akaletwa Dan Johnson ambaye wastani wake wa hiti ulikuwa .108, yaani hiti moja hivi kwa kila mara kumi, wa kutia huruma. Akafika straiki mbili (mipira mizuri aliyoikosa; ya tatu ingemtoa), kisha akapiga homurani, 7-7. Takriban dakika tatu baada ya Red Sox kuzama, Evan Longoria akapiga homurani ya awamu ya 12, Rays wakafuzu. Na usisahau kipande ambacho wengi hawakitaji: Yankees walikuwa wameshatwaa kundi lao, na mmaliziaji wao, Mariano Rivera, hawakumwingiza.

Tuje kwa wenzako wa kazini. Siwezi kusema besiboli ni safi, kwa sababu sio. Wachezaji wanane wa White Sox walifungiwa maisha kwa kashfa ya fainali ya 1919. Pete Rose, mwenye hiti 4,256 ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia, alifungiwa 1989 kwa kubeti mechi za timu yake mwenyewe akiwa kocha, na kifungo hicho kilifutwa 2025 baada ya yeye kufariki. Juni 2024 Tucupita Marcano alifungiwa maisha kwa kubeti besiboli. Novemba 2025 warushaji wawili wa Cleveland walishtakiwa katika mahakama ya shirikisho New York. Waendesha mashtaka walidai kwamba wawili hao walikubaliana na wabetiji namna ya kutupa mipira fulani, nao wakakana.

Lakini soma vizuri tuhuma hiyo ya mwisho inahusu nini. Inahusu mpira mmoja, sio mechi. Makampuni ya kubeti Marekani yalikuwa yanauza hata ubashiri wa mpira mmoja: utakuwa na kasi kiasi gani, utakuwa mzuri au mbaya. Mtu mmoja anaweza kuuharibu mpira mmoja bila mtu kushtuka. Kuuza mechi nzima ya awamu tisa kunahitaji watu wengi, na wengi wao wanalipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Baada ya mashtaka hayo ligi ilikubaliana na makampuni kuweka ukomo wa dola 200 kwa ubashiri wa mpira mmoja na kuuondoa kwenye mikeka ya mechi nyingi. Ushauri wangu kwako: ubashiri wa aina hiyo uruke kabisa. Ila mkeka wako wa timu tano haukuchanwa na wahalifu. Ulichanwa na hesabu.

Chukua odi za kawaida za mechi ya besiboli: kigogo 1.67, kibonde 2.30. Kwenye tovuti za Kimarekani utaziona zimeandikwa -150 na +130, ni kitu kile kile. Gawa 1 kwa 1.67 upate karibu asilimia 60. Gawa 1 kwa 2.30 upate asilimia 43 na nusu. Jumla ni zaidi ya 103. Mechi haiwezi kuwa na zaidi ya asilimia 100, kwa hiyo hizo tatu na ushee za juu ni mkate wa kampuni. Ukiziondoa, kigogo huyo ana nafasi ya asilimia 58 hivi.

Mechi moja, kampuni inakukata kidogo. Sasa panga vigogo watano wa namna hiyo kwenye mkeka mmoja. Uwezekano wa wote watano kushinda ni 0.58 ikijizidisha mara tano, yaani chini ya asilimia 7. Karibu mikeka 93 katika kila 100 itachanika bila mtu kumhonga mtu. Odi ya jumla itasoma kama 13, inavutia macho, lakini kwa kila shilingi 100 unazoweka, kwa wastani wa muda mrefu zinarudi kama 85. Kadiri unavyoongeza timu ndivyo mkato unavyojizidisha. Watu wanadhani kuongeza "timu za uhakika" kunaimarisha mkeka, wakati kila timu unayoongeza ni mlango mwingine wa kupotezea. Katika mpira wa miguu kuna kigogo wa odi 1.15 anayecheza nyumbani na anashinda kweli. Katika besiboli kigogo wa namna hiyo ni nadra mno.

Na kama bado utaweka, soma masharti kuhusu mrushaji. Kampuni nyingi zinataja warushaji wawili wa kuanza, na mmoja akibadilishwa dakika za mwisho kuna zinazofuta ubashiri na kuna zinazouacha uendelee. Septemba mabadiliko hayo ni ya kila siku. Mimi sitoi utabiri wa mechi, kwa hiyo usiniombe.

Rekodi za wapigaji sasa. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na jibu ni kwamba hazikusaidii hata kidogo kubashiri mshindi. Ichiro Suzuki alivunja rekodi ya George Sisler ya hiti nyingi kwa msimu mmoja tarehe 1 Oktoba 2004 jijini Seattle. Sisler alikuwa na hiti 257 tangu 1920. Ichiro akamaliza na 262. Mariners wake mwaka huo? Walifungwa mechi 99 na kumaliza mkiani. Aaron Judge alipopiga homurani ya 62 tarehe 4 Oktoba 2022 na kumpita Roger Maris kwenye rekodi ya ligi ya American, Yankees walifungwa mechi hiyo 3-2 na Texas. Maris mwenyewe alipiga ya 61 siku ya mwisho ya 1961 na ndiyo ikawa pointi pekee ya mechi, 1-0. Cal Raleigh wa Seattle alifikisha homurani 60 tarehe 24 Septemba 2025, nyingi kuliko mdakaji yeyote (anayepokea mipira ya mrushaji) aliyewahi kuwepo, na usiku huo huo Mariners wakatwaa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 2001. Utaona hakuna mpangilio. Mpigaji mmoja ana zamu 4 au 5 kwa mechi, na aliye bora kabisa anashindwa mara 6 au 7 katika kila 10.

Kuna jambo jingine ambalo mbashiri anatakiwa alijue: mtu anayefukuza rekodi siku za mwisho anaweza asicheze kabisa. Wastani wa hiti unapatikana kwa kugawa hiti kwa mara alizopiga. Mtu mwenye hiti 150 katika mara 500 ana .300 kamili. Akienda usiku mmoja bila hiti katika mara 4, anashuka mpaka .298. Taji linaweza kupotea kwa usiku mmoja mbaya. Ule usiku wa 28 Septemba 2011 niliokuhadithia, José Reyes wa Mets alikuwa anagombania taji la wastani na Ryan Braun. Zamu yake ya kwanza aliugusa mpira kidogo tu ukaanguka karibu, akakimbia, akapata hiti, akatolewa. Hakurudi. Akamaliza .337, Braun .332. Mashabiki waliolipa tiketi walizomea, na mimi ningezomea nao.

Miaka 70 kamili kabla yake, 28 Septemba 1941, Ted Williams wa Red Sox aliamka na wastani wa .39955. Kwa kawaida ya kukadiria, hiyo ingeandikwa .400. Kocha wake Joe Cronin alimwambia anaweza kukaa. Akacheza mechi zote mbili za siku hiyo Philadelphia, akapata hiti 6 katika mara 8, akamaliza .406. Tangu siku hiyo hakuna aliyefika .400 kwa msimu mzima katika ligi za American na National. Karibu zaidi alikuwa Tony Gwynn, .394 mwaka 1994, na msimu huo ulikatwa Agosti na mgomo wa wachezaji.

Kisa kibaya zaidi ni cha 1910. Kampuni ya magari ya Chalmers iliahidi gari kwa mwenye wastani wa juu. Ty Cobb wa Detroit, aliyekuwa anachukiwa ligi nzima, aliacha kucheza mechi mbili za mwisho kulinda wastani wake. Siku ya mwisho Nap Lajoie wa Cleveland alikuwa St. Louis kwa mechi mbili, na kocha wa wenyeji, Jack O'Connor, akamwamuru kijana wake wa besi ya tatu asimame mbali, nyuma kabisa. Lajoie akawa anaugusa mpira upande huo na kutembea mpaka besi ya kwanza. Hiti 8 kwa siku moja! O'Connor alifukuzwa kazi. Rais wa ligi akampa Cobb taji kwa tofauti ya chini ya sehemu moja ya elfu, Chalmers wakatoa magari mawili, na miongo saba baadaye ikagundulika kwamba mechi moja ya Cobb ilihesabiwa mara mbili. Ukitafuta mechi ya mwisho wa msimu iliyochezewa kweli, ni hiyo, na haikuwa na mkeka wowote; ilikuwa gari.

Kuhusu kufuatilia ukiwa zamu: mechi nyingi za usiku za mashariki ya Marekani huanza saa 1 jioni kwao, ambayo Septemba ni saa 8 usiku kwetu. Za California huanza karibu saa 11 alfajiri, utazikuta ukielekea kukabidhi zamu. Lakini siku ya kuomba ruhusa ni Jumapili ya mwisho ya msimu. Siku hiyo ligi hupanga mechi zote zianze karibu wakati mmoja, saa 9 alasiri ya mashariki, yaani saa 4 usiku Mwanza, ili timu isicheze huku inajua matokeo ya mwenzake.

Na Ichiro. Sidhani kama rekodi hiyo itavunjwa hivi karibuni, na sababu haiko kwenye vipaji. Alipata zile 262 kwa kupiga mara 704 katika mechi 161, na besi za bure alichukua 49 tu. Makocha wa leo wanampenda mpigaji anayesubiri besi ya bure au anayeutafuta ukuta, hata akitolewa mara 180 kwa straiki. Mwaka 2004 wastani wa ligi nzima ulikuwa .266, 2024 ulikuwa .243. Warushaji wamekuwa wakali zaidi na wanabadilishwa kabla mpigaji hajawazoea. Luis Arraez, anayepiga kwa mtindo unaomkaribia Ichiro, alikuwa na wastani wa .354 mwaka 2023 na bado hiti zake zilikuwa 203. Ronald Acuña Jr. aliongoza mwaka huo kwa 217, Bobby Witt Jr. mwaka uliofuata kwa 211. Witt angehitaji hiti nyingine 51 ili aifikie tu, na hizo ni zaidi ya mwezi mzima wa kupiga vizuri. Ukiamka 1 Septemba ukakuta mtu ana hiti zaidi ya 220 tayari, hapo niandikie tena, tutaihesabu pamoja.